Sura ya Mwisho ya Bi Hoki

Jua lilikuwa likizama nyuma ya milima ya Kyoto, Bi Awaji aliposhuka kwenye gari la ng'ombe mbele ya nyumba ya marehemu Bi Hoki. Malkia alitaka sura ya mwisho ya hadithi, na Awaji hakuwa nayo. Kwa mwezi mzima alikuwa akimsomea Malkia ikulu maandishi ya Hoki, shoga yake, akidai ni ya kwake.

Mtawa mzee aliyemhudumia Hoki alimfungulia.

"Pita, mwanangu. Anakungoja."

"Nani?"

Bikizee alikwishaondoka.

Ndani palinukia ubani aliozoea kuuchanganya Hoki. Nyuma ya pazia la mianzi kulisikika wino ukisagwa juu ya jiwe.

Kru... kru... kru...

Chini ya pazia ulichungulia mkono wa joho la kijivu.

"Awaji, mdogo wangu," sauti ilinong'ona. "Sikuwahi kuimaliza. Nikutajie, uandike."

Awaji aliandika mpaka sauti ikanyamaza.

"Malkia anajua ni kazi ya nani?"

"Anajua, dada. Nimemwambia ni yako."

"Ahsante. Nilijua hutanitupa."

Uso ulimwiva kwa aibu. Laiti angetukanwa! Alilivuta pazia amwombe radhi.

Hapakuwa na mtu.

Asubuhi alipiga magoti mbele ya Malkia, akaukunjua msokoto wa karatasi aliouandika usiku ule. Mwandiko haukuwa wake. Ulikuwa wa Hoki, herufi kwa herufi.

Malkia aligusa mstari wa mwisho. Kidole kilitoka cheusi.

"Hoki ana siku ngapi tangu afariki?"

"Arobaini, Mtukufu." Awaji aliinamisha paji la uso mpaka sakafuni. "Hadithi yote ni yake. Mimi ni mwizi. Nimemwibia maiti."

Alingoja kufukuzwa. Badala yake alisikia Malkia akihema.

"Inuka. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilimfukuza ikulu kwa maneno ya wambea. Ningelitaja jina lake kwa uso gani?" Malkia alishusha sauti. "Jana... alisema amenisamehe?"

"Hapana, Mtukufu."

Malkia alikuwa akitazama mwisho wa msokoto, ambapo karatasi ilibaki nyeupe, nafasi ya kutosha sura nyingine.