Aliyemshika Fundi Miguu

Wateja walimwita Pindo. Alikuwa fundi cherehani, na pindo la suruali aliyoishona lilikuwa safi hata ukiigeuza ndani nje. Kila asubuhi alikaa kwenye cherehani chumba cha mbele, akitaniana na mke wake mpaka mteja wa kwanza abishe hodi.

Kisha kitu kikaanza kumwiba, kidogo kidogo.

Kwanza uso ulitulia. Mke alimtania, naye akamtazama bila kupepesa macho, kama mtu aliye nyuma ya kioo. Sauti nayo ikafifia, ikawa kama ya kunong'ona. Ikafuata miguu. Mchana mmoja mke alisikia nyayo zikiburuzwa: shaa, shaa, shaa. Zikanyamaza ghafla. Alipotoka jikoni, alimkuta mumewe mlangoni, amesimama kama nguzo.

"Pita basi, mume wangu."

"Siwezi. Kuna mtu amenishika miguu."

Mke akatazama chini. Jua lilimulika sakafu yote. Hakukuwa na mtu. Nywele zikamsimama.

Hospitalini daktari aliwaambia, "Huu ni ugonjwa wa Parkinson. Unatoka kwenye ubongo. Hakuna aliyekuroga, wala humwambukizi mtu." Akampa dawa, akamtuma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Mtaalamu, mama mcheshi, alimtazama kwanza akitembea, akigeuka na kuinuka kitini. Akamuuliza anavyolala, anavyopata choo, na kazi anayoipenda.

"Mbona yule anafanya mazoezi amekaa?" mke aliuliza, akimnyooshea kidole mgonjwa mwingine.

"Yule huanguka hovyo, dada. Kila mtu na mazoezi yake. Mumeo si humpima mteja kabla ya kukata kitambaa?"

Pindo akaguna. Hilo alilielewa.

Nyumbani walibandika utepe mwekundu sakafuni, pale mlangoni. "Usiiwaze miguu," mtaalamu alikuwa amemwambia. "Waza kuvuka mstari." Pindo akatulia, akavuka. Kila siku, dawa ikishaanza kufanya kazi, alipiga hatua kubwa, aliinuka na kukaa, alinyoosha mabega, akihesabu kwa sauti kubwa. Mke alikaa karibu asije akaanguka. Siku nyingine aligoma. "Niache!" Mke alimwacha, akarudi baadaye.

Ugonjwa haukuondoka. Bado zipo siku miguu hukwama. Lakini usingizi ulirudi, choo kikawa chepesi, na moyo ukachangamka.

Juzi mke alirudi kutoka sokoni. Karibu na dirisha akasimama ghafla. Ndani kulikuwa na sauti ya mwanamume, nzito, kubwa, ngeni kabisa. Mwili ukamsisimka. Akausukuma mlango taratibu.

"Suruali haijapungua!" ile sauti ilikuwa ikifoka. "Tumbo lako ndilo limeongezeka!"

Mteja alikuwa akicheka mpaka machozi. Mwenye sauti, Pindo mwenyewe, futi ya kupimia shingoni, akageuka. Polepole sana, midomo yake ikatabasamu.

"Mke wangu, mbona unanitazama kama umeona mzuka? Ingia ndani."