Taa Iliyozimwa Ziwani

Kila jioni alipomaliza kazi za shule, Chiriku alikimbilia ziwani kwa shangazi yake, aliyekodisha kayaki, zile boti nyembamba zinazoendeshwa kwa kasia. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mdomo wake haukupumzika, ndiyo maana wakamwita hivyo, na wiki ile hata miguu haikutulia. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya kayaki, na mwaka uliopita alishika mkia.

"Shangazi, mzunguko mmoja tu!"

"Jua limezama, mwanangu. Leo basi." Shangazi akaingia bandani kupanga makasia.

Chiriku alitazama maji, akatazama banda. Moyo ulimwasha. Akafunga jaketi la kuokolea, akasukuma kayaki majini kimyakimya. Taa nyeupe ya nyuma akaizima, shangazi asimwone.

Giza liliingia upesi kuliko alivyodhani. Alikuwa mbali na ufuko aliposikia mngurumo. Boti ya abiria ilimjia moja kwa moja.

"Nahodha! Nipo hapa!"

Injini ilimeza sauti yake. Akapapasa kitufe cha taa nyuma ya mgongo, vidole vikateleza. Akapapasa tena. Taa ikawaka! Akapuliza filimbi ya jaketi mpaka masikio yakamuuma.

Boti ilikata kona ghafla. Wimbi likaipindua kayaki, Chiriku akazama, kisha jaketi likamwibua akikohoa. Nahodha akamvuta kwa kamba.

"Taa yako ilikuwa mbovu?" aliuliza.

Uongo ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini Chiriku aliona yule mzee bado ameishikilia kamba, hataki kuiachia. "Hapana, mjomba. Niliizima mwenyewe, shangazi asinione."

Usiku ule shangazi hakumgombeza. Alimfunika taulo, akageuka kando akajifuta macho. Jioni iliyofuata alimketisha karibu na nahodha, boti ikiwa imefungwa gatini, kisha yeye akaingia majini na kayaki.

"Nionyeshe alipo," nahodha alisema giza lilipotanda.

Chiriku alikodoa macho. Maji matupu, meusi. "Simwoni. Mjomba, yuko wapi?" Akasimama. "Shangazi!"

Taa ikawaka, hatua ishirini tu kutoka kwao.

Shangazi alipopanda gatini, Chiriku alimng'ang'ania, nguo zote zikalowa.

"Umeona mwenyewe," shangazi alisema. "Nahodha hawezi kumkwepa mtu asiyemwona. Ulizima taa ili nisikuone mimi, kumbe ukajificha hata kwa wale ambao wangekuokoa. Giza likiingia, taa iwake, jaketi lifungwe, filimbi iwe karibu, na usiende bila mtu mzima."

"Na mashindano?"

"Jumamosi utakaa ufukweni, utanishikia saa ya kupimia muda wa washindani."

Chiriku alifungua mdomo abishe, akaufunga. "Sawa, shangazi."