Maji ya Boti Eyalama

Kukipambazuka pale Majanji, Atai huwa ameshateka maji. Hateki ziwani, ingawa ziwa liko karibu na mlango wake. Huenda kwenye kisima cha pampu karibu na kanisa, akajaza madumu, akayafunga kwenye baiskeli na kuyasukuma hadi ufukweni. Hapo humkuta mumewe, Elungat, anaiandaa boti yao. Boti hiyo inaitwa Eyalama. Kwa Kiteso, neno hilo ni asante.

Eyalama hubeba watu na mizigo kati ya Majanji na kisiwa cha Sigulu. Ziko boti zenye injini kubwa kuliko yake, na manahodha wa boti hizo hupenda kutuambia hivyo. Lakini Eyalama ina kitu ambacho zile hazina. Chini ya benchi la katikati kuna tanki la bati lenye maji ya kunywa. Atai hulijaza, akatia dawa ya kutibu maji, akafunga kifuniko. Kabla ya kuondoka watu husali. Kisha Elungat mwenyewe hupitisha kikombe, na kila abiria hunywa bure.

Desturi hiyo ilianza baada ya injini kuzima katikati ya ziwa. Jua lilikuwa kali, abiria wakachota maji ya ziwa wakanywa, na baadaye wengine wakaugua kipindupindu. Elungat aliapa kwamba jambo hilo halitatokea tena botini mwake. Kaka yake, Omaido, alikuwa fundi wa kuchomelea mjini Busia. Alimtengenezea tanki kwa mkono wake mwenyewe, akaandika jina lake, Omaido, juu ya kifuniko. Muda si mrefu Omaido akafariki. Tanki likabaki, na Elungat alilipenda kama mtu anavyopenda koti la marehemu.

Sasa utaelewa kwa nini Atai alisita kusema alichokiona. Asubuhi moja maji ya kikombeni yalikuwa na rangi ya chai. Chini ya kikombe vilibaki vipande vyekundu vya kutu. Atai alimwaga maji yale, akaongeza dawa mara mbili ya kawaida, akajiambia yameisha. Hayakuisha. Baada ya wiki chache tanki lilianza kuvuja, na nusu ya maji aliyoyateka kwa jasho lake ikawa inamwagika chini ya mbao za boti.

Atai akashauri wamwite jirani yao, Awor. Huyo ni Mjapadhola wa Nagongera, fundi wa maji aliyesomea kazi hiyo Tororo. Anajua mambo ya mabomba na matanki, na anajua pia kuongea. Ukimwita saa nne, saa sita bado anakupa habari za Nagongera. Elungat hakutaka.

"Boti nimeziba miaka yote," alisema. "Tanki ndio itanishinda?"

Basi akaliziba tanki jinsi watu wa boti wanavyoziba boti. Alisokota pamba, akaishindilia kwenye matundu, akachemsha lami na kuipaka ndani mpaka chini pakawa peusi. Kuvuja kukakoma. Elungat alifurahi sana siku hiyo, na Atai akanyamaza. Harufu ya lami aliisikia, ila hakutaka kumwaga furaha ya mume wake.

Abiria nao waliisikia. Wapo waliosema hawana kiu. Wapo waliopokea kikombe, wakageuka upande, wakamwaga. Hakuna aliyemwambia Elungat, kwa maana ni vigumu kumlaumu mtu anayekupa kitu bure.

Wiki hiyo mkaza mwana wao, Maggie, alitoka Sigulu. Alikuwa na mimba kubwa. Mumewe, Trevor, alibaki kisiwani na kazi yake ya samaki, akamtuma Maggie kwa wazazi ili ajifungulie karibu na hospitali ya Masafu. Boti ilichelewa njiani kwa upepo na jua lilikuwa kali. Elungat akamletea mkaza mwana wake kikombe kabla ya abiria wengine wote.

Kwa Wateso, mke wa mwana humheshimu sana baba mkwe. Hambishii, halalamiki mbele yake, na hakatai anachopewa na mkono wake. Maggie alipokea kikombe kwa mikono miwili akainamisha kichwa. Harufu ya lami ikampiga puani. Kusema hawezi, kunywa hawezi. Alisubiri Elungat arudi kwenye injini, akamwaga maji yale, akainama akachota ya ziwa. Kiu ilikuwa imemzidi.

Baada ya siku mbili Maggie alianza kuharisha maji matupu na kutapika. Macho yaliingia ndani na sauti ikakauka. Atai alipomshika tumbo, mtoto alicheza kidogo tu. Hapo ndipo Awor alipokuja bila kuitwa, kwa sababu nyumba zao zinapakana na alikuwa amesikia.

Awor hakupoteza muda kwa maneno, na hiyo peke yake ilimtisha Atai. Alikoroga pakiti ya chumvi ya kurudisha maji mwilini katika maji safi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Akamwambia Maggie anywe kidogo kidogo, na akitapika asubiri kidogo kisha anywe tena. Huku Elungat akatafuta gari. Walikwenda Masafu huku Maggie akiendelea kunywa njia nzima.

Wauguzi wa hospitali walimpokea na kumwekea dripu. Walisema ni kipindupindu, na kwamba yale maji aliyokunywa njiani yamemsaidia sana. Mtoto alikuwa bado anacheza. Atai alikaa chini ukutani, akalia, akamshukuru Mungu kwa sauti bila kujali nani anamtazama.

Jioni Maggie alipopata nguvu, muuguzi alimuuliza amekunywa maji ya wapi. Maggie alimtazama Atai kwanza.

"Mama, usimwambie Papa," alisema. "Maji yake ilikuwa na harufu ya lami. Niliogopa kusema, nikachota ya ziwa."

Lakini mambo kama hayo hayafichwi. Atai alitoka nje, akamkuta mumewe ameketi kwenye nyasi, akamweleza yote kwa upole. Elungat alikuwa ameapa abiria wake hawatakunywa maji ya ziwa, na sasa ni mke wa mwanawe aliyeyanywa, ndani ya boti yake mwenyewe, akiwa amekalia benchi lenye tanki.

"Mwite Awor," alisema hatimaye.

Kesho yake Awor alifika ufukweni na nyundo ndogo, msumari na tochi. Walitoa mbao za benchi, wakafungua kifuniko. Awor alimulika ndani, akamwonyesha Elungat jinsi kutu ilivyojijenga tabaka juu ya tabaka.

Alieleza huku akifanya kazi. Bati la tanki hupakwa zinki ili lisishike kutu. Zinki ikiisha, kutu huanza. Tanki hili lilikuwa limelala juu ya sakafu ya boti, mahali ambapo maji machafu hutuama siku zote. Kwa hiyo lililiwa kutoka ndani na nje. Atai akauliza kuhusu ile dawa aliyoongeza. Awor akacheka kidogo, akamwambia alikuwa anaisaidia kutu. Dawa ya maji ikizidi kipimo hula bati, na kutu nayo huimaliza nguvu dawa, hivyo vijidudu vinapata pa kujificha.

Kisha akagonga kwa nyundo. Juu bati lililia vizuri. Chini sauti ilikuwa nzito. Alisukuma msumari kwa kidole, nao ukapita. Alisogea pengine, ukapita tena.

Elungat akauliza kama haliwezi kuchomelewa kiraka. Awor alisema tundu likiwa moja na bati likiwa bado nene, inawezekana. Unakwangua kutu yote, unachomelea, kisha unapaka rangi maalumu iliyotengenezwa kwa matanki ya maji ya kunywa. Lami, rangi ya nyumba na gundi ya boti hazifai, maana zina sumu inayoingia kwenye maji. Na bati lililokonda hivi, moto wa kuchomelea utaongeza matundu tu.

"Boti ni ya kuzuia maji ya nje," alisema Awor. "Hakuna mtu anakunywa boti. Tanki tunakunywa."

Elungat alipapasa jina lililoandikwa kwenye kifuniko. Alisema taratibu kwamba kaka yake alilitengeneza, na hakuna kingine cha mkono wake alichobaki nacho. Awor akaweka nyundo chini.

"Baba Trevor, mimi Omaido nilimjua. Alikuwa fundi kweli. Angekuwa hai, angekuwa wa kwanza kuitoa."

Elungat akaingiza mikono chini ya tanki na kuanza kulinyanyua. Atai na Awor wakashika upande wa pili.

Jirani mmoja aliyekuwa akitazama alisema anaweza kuwapatia pipa zuri kutoka Tiira, kwenye machimbo ya dhahabu. Awor alimkatiza hapo hapo. Pipa lililobeba dawa za machimbo halioshwi likawa la maji ya kunywa, hata ulioshe mwaka mzima. Chombo cha maji ya kunywa ni kile kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, au kilichobeba chakula tu.

Walinunua tanki la plastiki mjini Busia, jeusi, la maji ya kunywa. Awor hakuliweka sakafuni. Alitengeneza chaga ya mbao ili maji ya chini yasiliguse, akalifunga kwa mikanda imara ili mawimbi yasilisogeze. Koki aliiweka chini kabisa ili maji yote yaweze kutoka wakati wa kuosha. Juu aliacha kitundu cha kupumulia, akakifunika kwa wavu wa kuzuia wadudu. Ndani waliliosha kwa sabuni na kulisuuza. Kisha wakalijaza maji yenye dawa kali ya kuoshea, wakayaacha yalale, asubuhi wakayamwaga yote na kusuuza tena. Awor alimwonya Atai kwamba kuosha huko si kwa siku moja tu. Kila mwezi lazima kurudiwe. Na dawa ya kila siku ni kwa kipimo cha pakiti, si kwa kipimo cha wasiwasi.

Tanki la zamani nalo halikutupwa. Fundi mmoja aliikata ile sehemu ya chini iliyooza, akatengeneza sanduku la kuwekea vifaa vya injini. Kifuniko ni kile kile. Ukipanda Eyalama leo, utaliona jina la Omaido karibu na injini.

Maggie alijifungua salama Masafu, mtoto wa kike, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Wakampa jina la Awor, na Wateso wa Majanji bado wanauliza jina hilo la Kijapadhola limefikaje katika boma la Elungat. Atai huwaambia wakae chini awasimulie.

Siku ya kumrudisha Maggie kisiwani, boti ilijaa. Watu walisali. Elungat akasimama na kikombe mkononi, lakini hakukipitisha bado. Aliwaambia abiria kwamba maji ya boti hii yaliwahi kunuka na watu wakamwonea haya. Asiwepo mtu wa kumwonea haya tena, hata wa nyumbani kwake. Anayeona maji si mazuri aseme. Kisha akajaza kikombe, akampa mkaza mwana wake.

Maggie alikipokea kwa mikono miwili, kama siku ile. Safari hii hakuinamisha kichwa. Alitazama ndani ya kikombe mpaka chini. Akakisogeza puani, akanusa, mbele ya baba mkwe na mbele ya watu wote. Kisha akanywa mpaka tone la mwisho, akarudisha kikombe.

"Eyalama, Papa," alisema. "Niongezee."