Nimpande Nani

Laptopu ya Mshauri ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, waya umechomolewa, na bado ilikuwa ya moto. Mkewe aliigusa alipokuwa akitandika kitanda, akauvuta mkono haraka. Ilinuka nywele zilizoungua.

"Baba Kidoti, hiki kitu hakijapoa tu?"

"Mashine yenye nguvu huchemka," alijibu Mshauri, macho kwenye kioo. "Hata mtu mwenye akili nyingi huchemka."

Kwa kipimo hicho yeye angekuwa barafu. Kila aliyewahi kumwajiri alimfukuza, ndipo akajitangaza kuwa mshauri wa mafanikio. Alijirekodi chumbani, juu shati la pasi, chini kaptura ya kulalia, akiwafundisha watu kuamka alfajiri. Yeye mwenyewe aliamka wakati mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, akiwa ameshamaliza kipindi cha pili. Laptopu aliiweka juu ya godoro, ikakosa pa kupumulia, feni yake ikijaa vumbi na chenga za biskuti. Akiambiwa aihamishie mezani, alisema mezani mwanga haumpendezi.

Jumamosi mchana alikuwa akipandisha video yake mpya, nayo ikagoma. Feni ilinguruma, mashine ikawa ya moto kama pasi, naye akaanza kuipiga makofi.

"Panda! Panda basi! Si nimekwambia panda?"

Mkewe alisimama mlangoni. "Usiite hivyo, Baba Kidoti. Kuna wasiohitaji kuitwa mara mbili."

"Mimi napandisha video, wewe unapandisha mashetani. Hapo ndipo elimu zetu zinapoachana."

Elimu ya mkewe ndiyo iliyoinunua laptopu ile, lakini mwalimu alishachoka kumkumbusha. Akamfunika binti yao, Kidoti, aliyekuwa amelala kitandani upande wa ukutani, akachukua kikapu na kwenda sokoni.

Mshauri akarudia makofi yake. Panda, panda. Feni ikanyamaza ghafla, na katika ukimya ule harufu ya nywele ikazidi, ikamjaa puani na kooni, na kutoka kwenye matundu ya ile mashine, pale ambapo hewa ya moto hutokea, ikatoka sauti ya taratibu, kavu, ya mtu aliyetoka mbali na anayetaka kuonyeshwa pa kukaa.

"Nimekuja. Nimpande nani?"

Hakujidanganya kwamba ni programu. Nywele zilimsimama, mkojo ukamponyoka kwenye kaptura, na yule mshauri wa ujasiri, aliyewaambia watu kila siku kwamba hofu ni uamuzi, akarudi kinyumenyume mpaka kabatini, akaona kitandani yuko mtoto wake, akaona, tena vizuri, kisha akafungua mdomo.

"Yeyote," alinong'ona. "Mpande yeyote, ila si mimi."

Laptopu ikapoa papo hapo. Video ikapanda. Mshauri akabadilisha kaptura, na, aibu haina kwao, akakaa kusoma maoni ya watazamaji.

Mwalimu aliporudi alimkuta Kidoti anawaka. Zahanati walimpima, hawakuona kitu, na dawa ya homa haikumgusa. Kesho yake mtoto alikuwa amelala macho wazi, hali wala hanywi, na kifuani mwake kulisikika mvumo, mfululizo, usiopumzika hata alipovuta pumzi, nayo shuka aliyolalia ilikuwa ikianza kugeuka kahawia pembeni mwa mwili wake mdogo. Mwalimu alilia bila sauti. Mshauri alisema labda ni meno. Mtoto alikuwa na miaka sita.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na haraka. Aliweka kiganja kifuani kwa mtoto.

"Hili halikuvamia," alisema kwa sauti ya chini. "Limekaribishwa. Nani alitoa ruhusa?"

Mshauri akatazama dari.

"Baba," ikasema ile sauti kavu, kwa mdomo wa Kidoti.

Mwalimu aligeuka pole pole. Alimtazama mumewe, akalisoma jibu usoni mwake.

"Basi dawa ni nyepesi," mganga alisema. "Aliyetoa ruhusa aseme, rudi kwangu. Mtoto hafiki jioni hivi."

"Hakuna njia nyingine?" Mshauri aliuliza. "Kesho nina mkutano na watu wakubwa."

"Bwana, nimeshatoa majini yenye haya kuliko wewe. Sema."

Akasema. Ilibidi arudie, kwani mara ya kwanza alimumunya maneno. "Rudi kwangu."

Mtoto akacheka kicheko cha mtu mzima. "Kwako nilipita siku ile ile, kabla sijauliza. Nilitafuta pa kukaa, sikupata. Mtu mtupu hawi kiti."

Mganga akavua miwani. Katika kazi yake hakuwahi kusikia jini likimkataa mtu kwa dharau, na akaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Kifua cha Kidoti kikazidi kuvuma. Ndipo mwalimu akapiga magoti, akaushika mkono wa mwanawe uliokuwa ukiunguza, hakuuachia.

"Mwache mtoto," alisema. "Njoo kwangu. Kwangu kuna nafasi."

Mvumo ukakoma. Kidoti akapepesa macho, akaomba maji, akanywa bilauri nzima. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, na ukutani nyuma yake rangi ilikuwa ikivimba kwa joto. Mganga alimwekea mkono mgongoni, akauondoa, akakusanya vitu vyake. Lililokaribishwa kwa hiari namna ile, alisema, yeye hana uwezo wa kulitoa.

Walipobaki wenyewe, mwalimu aliinuka, akalitoa begi la mumewe juu ya kabati, akalirusha mlangoni.

"Toka," alisema. Sauti ilikuwa kavu.

"Mama Kidoti, ni wewe unayesema, au ni yeye?"

"Katika hili," akajibiwa, "hatujatofautiana."