Makoma Yaliyolala Kwenye Tembo

Mashine iliyojaza karakana ya Garsen ilikuwa na kazi moja: kumeza makoma, matunda ya mkoma, upande mmoja na kuyatoa upande wa pili. Waliiita tumbounde. Kuta zake za mpira mweusi zilijikunja na kujikunjua kama utumbo. Ndani kulikuwa na joto la mwili, asidi, na vijidudu vilivyokuzwa kutoka kwenye kinyesi cha tembo kilichohifadhiwa tangu enzi ambazo tembo walikuwa bado wanatembea porini. Baada ya siku mbili kokwa zilitoka zimevuliwa nyama yote, safi kama mifupa. Roboti za kitaluni zikazipanda, zikazimwagilia maji, zikazichunguza kwa macho ya joto yanayoona uhai chini ya udongo.

Hazikuota.

Habona Komora, mhandisi aliyeijenga tumbounde, alikuwa amefika mwaka wa tatu wa kutoota huko. Buya, fundi wake, alimwambia asubuhi moja kwamba tumbo lao halina faida yoyote, linahara tu. Habona hakucheka. Mamlaka ya Delta ilikuwa imempa mpaka mvua za masika.

Mpango wenyewe haukuwa mgumu kueleza. Bahari ilikuwa inapanda mto Tana, chumvi inakula kingo, na viboko wanamalizia kilichobaki. Mkoma, mti wa jamii ya mnazi, huvumilia chumvi. Mizizi yake hushika udongo, na kila bua la jani lina miiba myeusi iliyopinda kama kucha, hata kiboko huzunguka. Safu ndefu ya mikoma ingekuwa ukuta hai. Bila ukuta huo, kijiji cha Ngao kingehamishiwa kwenye maghorofa ya Minjila, na mama yake Habona aliishi Ngao.

Shida ilikuwa kokwa. Ni ngumu mno. Ukiikata kwa msumeno unaua kiini. Ukiiacha, inakaa ardhini mpaka inaoza. Mikoma iliyobaki ilikuwa ya kuhesabika kwa vidole, kwa hiyo hakukuwa na miche ya kung'oa kwingine.

Wazo la tumbounde lilitoka kwenye sauti ya bibi yake Habona, iliyorekodiwa zamani na watafiti waliopita vijijini wakiuliza habari za miti. Habona aliipa akili unde ya karakana rekodi yote, nayo ikamchambulia sentensi moja iliyohusu mbegu: "Makoma hayaoti mpaka yalale kwenye tembo." Akili unde ilieleza kwamba mnyama humeza tunda, mbegu hulala tumboni, hutoka tayari kuota. Ilileta na ushahidi wa kisayansi. Kila mtu aliona ni jambo la akili.

Jumamosi Habona alikwenda Ngao kumshawishi mama yake, Dorka, aanze kufunga vitu. Dorka alikuwa amekaa barazani akisuka ukili wa mkeka, miyaa, majani ya mkoma yaliyochanwa, imelala mapajani. Ilitoka kwenye mkoma wake mwenyewe, uliosimama nyuma ya jiko, na wanawake wa kijiji kizima walimwomba miyaa kutoka hapo. Alisema hahami. Habona akamweleza kwa nini atahama: mashine imeshindwa. Akamsimulia tumbo la mpira, asidi, kinyesi, mpaka akafikia ile sentensi ya bibi.

Dorka aliacha kusuka.

"Rudia."

Habona akarudia.

Mama yake alianza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Yalale kwenye ndovu? Habona, nani analala kwenye ndovu?"

"Bibi alisema tembo, mama."

"Ndiyo, alisema tembo. Ndovu tulimwita ndovu. Tembo ni tembo, ile pombe inayogemwa. Ile iliyokuwa inamchelewesha baba yangu kurudi nyumbani."

Minazi ya pwani ilikuwa imekufa kwa ugonjwa kabla Habona hajazaliwa. Wagema wakaisha, kinywaji kikaisha, na neno likabaki la mnyama peke yake. Yeye na akili unde walikuwa wamejifunza Kiswahili kilekile.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Sauti ya mama yangu umeipelekea mashine. Mimi binti yake niko hapa, sijafa."

Habona alirudi karakanani jioni hiyohiyo.

Karakana ilijaribu kwanza kutengeneza tembo kwa sukari na hamira. Kokwa zikavunda. Kilichotakiwa ni chachu inayoishi kwenye utomvu wa mkoma wenyewe, ambayo hulainisha kifuniko kidogo kilichoziba kiini. Utomvu hupatikana kwa kukata kilele na kukichonga kila siku, na mkoma ukichongwa vilele vyake vyote hufa. Vipimo vya Buya vilionyesha kwamba mingine yote iliyobaki ilikuwa imedhoofishwa na chumvi. Haingetoa hata kikombe. Wenye afya ulikuwa mmoja, nyuma ya jiko.

Habona alirudi Ngao akamwambia mama yake ukweli wote, bila kupamba. Dorka aliuliza miche itachukua muda gani mpaka itoe majani ya kusukia. Habona akaanza kujibu.

"Basi," Dorka alisema. "Usinihesabie. Kata."

Roboti ya kukwea miti ilichonga vilele asubuhi na jioni. Tembo ikatiririka kwenye mitungi, nyeupe, ikitoa povu, na wazee wawili wa jirani wakapata sababu za kupita pale kila siku. Kokwa zikalazwa humo, zikapandwa. Kwa wiki kadhaa hakuna kilichoonekana juu. Kisha macho ya joto yakaonyesha nyuzi nyembamba zikishuka, kila kokwa ikituma mzizi chini kabla ya kutoa jani. Mvua zilipoanza, Mamlaka ilifuta orodha ya kuhama.

Siku ya kupanda miche ukingoni, viongozi walitoa hotuba na kupiga picha mbele ya tumbounde, ambayo haikuwa imewashwa tangu mwezi uliopita. Habona hakukaa mpaka mwisho.

Alimkuta mama yake barazani. Mkoma ulikuwa umekauka, majani yote yamekatwa na kuchanwa, na rundo la miyaa lilikuwa dogo, la kutosha mkeka mmoja labda. Dorka alisogea kidogo kumpa nafasi, akamtupia mafungu manne ya miyaa.

"Kesho huendi kazini."

"Siendi."

"Shika. Siyo hapo, utajichoma. Hapa."