Aliyemnyima Kokushubila Usingizi

Alfajiri moja huko Nshamba, Anatory alikuta mto wa kulalia wa bintiye Kokushubila umelowa damu. Binti alikuwa ameuma ulimi usingizini na hakukumbuka lolote. Alisema tu mwili unamuuma kama aliyelima shamba zima la migomba.

Alfajiri nyingine kitanda kiligonga ukuta. Anatory alimkuta amekakamaa, macho yamegeuka, povu mdomoni, na chumba kinanuka maganda ya kahawa yaliyooza. Hakumwita jirani. Alifunga madirisha, kwa sababu Jumamosi wageni wa posa walikuwa wanakuja kutoka Kitendaguro, na yeye alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri.

Akaenda Izimbya kwa mganga, kofia ameishusha hadi machoni asitambuliwe. Mganga akamwambia kuna jini linamwingia binti kupitia usingizi. Asilale hadi wageni waondoke.

Basi Anatory akamzuia kulala. Kila binti aliposinzia alimmwagia maji, naye akamsihi kwa sauti ndogo, "Tata, niache nilale kidogo tu," na baba akaona aibu kumtazama usoni lakini akamwagia tena, huku ile harufu ikizidi, na juu ya bati kitu kama kucha kikikwaruza, kikisogea kila binti aliposogea, kikinyamaza kila alipofumba macho.

Jumamosi, Kokushubila alianguka katikati ya wageni. Akatupa mikono na miguu, akajikojolea. Waliaga bila kugusa chakula.

Muuguzi wa zahanati alikopelekwa alieleza kwamba ni kifafa, kwamba kina dawa, na kwamba kukosa usingizi hukichochea.

"Nani alimzuia kulala, mzee?"

Anatory alinyoosha mkono kupokea dawa.

Dawa zilimtuliza Kokushubila. Alilala vizuri, mwili ukamrudia. Jioni moja baba yake alipiga magoti kando ya kitanda, akamwomba msamaha.

"Nimekusamehe, Tata," alisema, kisha akashusha sauti. "Lakini zile siku hukuwa peke yako. Kila ndoo ilipoisha maji, aliyesimama nyuma yako alikupa nyingine."

Anatory aligeuka, hakuona mtu. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umemleta wewe."

Baba akamuuliza, kwa kunong'ona, kama bado yupo. Kokushubila alitazama juu ya bega la baba yake, akajifunika shuka usoni.