Pampu Ndogo ya Mzee Hamdan

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Mzee Hamdan alikuwa akishuka ziwani. Hakuwa na kazi huko. Biashara yake ya samaki alikuwa ameshaiacha. Alishuka tu kuangalia maji, kusalimiana na wachuuzi wa ndagala, yaani dagaa, na kuwaambia vijana kwamba samaki wa mukeke wa siku hizi hana mafuta. Kisha miguu ikamgomea. Kizingiti cha mlango kikawa mlima, na ziwa, lililokuwa karibu kiasi cha kusikia harufu yake, likawa mbali.

Mwanawe Nasser alikuwa na duka la vipuri na pampu mjini Rumonge. Alimpenda baba yake sana. Kwa kuwa hakuweza kumpeleka ziwani kila siku, aliamua kulileta ziwa sebuleni. Aliagiza tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, akapanga mawe ndani yake. Rafiki yake Abasi, anayefuga samaki wa mapambo kule Kabezi, alimpa samaki wadogo wenye mistari ya njano, wale wanaoishi kwenye mawe ya ziwa.

Ikabaki pampu, au pompe, kama wanavyosema Rumonge. Samaki wa mawe wamezoea mawimbi. Maji yao lazima yatembee, na lazima yapite kwenye kichujio yasafishwe. Nasser hakumuuliza mtu. Muuza pampu amuulize nani? Alichukua dukani mwake pampu kubwa ya kuzamisha kisimani. Mzazi ni mzazi, aliwaza, hawezi kupewa kitu kidogo.

Karibu na dari alifunga pipa lenye kokoto na sponji. Hicho ndicho kilikuwa kichujio. Pampu ilikaa ndani ya tangi, nyuma ya jiwe, ikapandisha maji kwa mpira hadi kwenye pipa. Maji yakaanguka kutoka juu kwa kishindo. Yalipozidi na kumwagika sakafuni, Nasser aliweka robine, yaani koki, kwenye mpira na kuifunga nusu. Kisha akasimama pembeni, mikono kiunoni, akajisifu moyoni.

Mzee Hamdan alisema ni kazi nzuri sana. Alimshukuru mwanawe kwa dua ndefu. Halafu akasogeza kiti chake hadi dirishani, upande wa pili wa chumba. Nasser hakuligundua hilo.

Mambo yakaanza kwenda kombo. Taqwa, mke wa Nasser, alikuwa akiuza barafu na juisi ya marakuja. Frigo yake ilijaa kila asubuhi, na wanawake wa soko la samaki walikuwa wateja wake wa kudumu. Umeme wa nyumba yao ni wa kulipia kwanza. Unaingiza uniti kwenye mita, na zikiisha, kila kitu kinazimika. Zamani uniti za mwezi zilifika mwisho wa mwezi. Tangu tangi lije, ziliishia njiani.

Siku moja walirudi wote, hata Mzee aliyepelekwa kwa teksi, kutoka kwa ndugu zao wa Magara, wakakuta nyumba imezima. Barafu yote ilikuwa maji, na maji yalikuwa yamefika hadi kwenye mkeka. Taqwa alikunja mkeka uliolowa, akautoa nje.

"Baba Nuhu," alisema hatimaye, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "hii tangi na frigo yangu haziwezi kukaa nyumba moja. Chagua."

Samaki nao hawakuwa na raha. Walipanda juu ya maji wakifungua na kufunga midomo, kama watu waliopanda mlima mbio. Mmoja hakula kabisa. Taya lake lilikuwa limevimba, na alijibana nyuma ya jiwe mchana kutwa. Mzee Hamdan alimwita Bibi Harusi, kwa sababu hali, hasemi, na amejificha. Nasser alidhani maji hayatembei vya kutosha. Alipanga kuleta pampu kubwa zaidi.

Lakini Mzee alikuwa amesikia maneno ya Taqwa. Alimwita mwanawe, akamshika mkono.

"Warudishe kwa Abasi, mwanangu. Mimi nimeshawaona. Inatosha."

Nasser alitoka nje, akasimama uani, akajifanya anaangalia mita.

Hapo ndipo alipoingia Anita. Anita ni jirani yao, fundi wa umeme, na alikuja kununua barafu. Taqwa alimwambia barafu hakuna, na kwa nini hakuna. Anita aliomba alione tangi lenyewe. Ndani alilazimika kupaza sauti ili kumsalimia Mzee, maana maji yalikuwa yakinguruma.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa waya ukutani.

"Mukono hauingii mu maji kama pompe iko na kurant," alisema. "Hata kidogo. Hata kama uko na haraka."

Kisha akatia kidole kwenye maji. Yalikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Akaitoa pampu, akaifuta, akamwonyesha Nasser kibandiko chake. Kiliandikwa wati mia tatu na sabini. Alimweleza Taqwa kwamba wati ni ulaji wa mashine. Balbu zao za sebuleni zinakula wati tisa tisa. Kwa hiyo pampu hii peke yake ilikula kama balbu arobaini, tena mchana na usiku bila kupumzika. Frigo hupumzika ikishapoa. Pampu ya samaki haipumziki, kwa hiyo hata ulaji mdogo hujilimbikiza.

"Basi tuizime usiku," Taqwa alisema.

Anita alitikisa kichwa. Maji yakisimama muda mrefu, samaki wanakosa hewa. Dawa ni kutafuta pampu yenye ulaji mdogo. Tena hii kubwa ilikuwa ikiwaumiza samaki wenyewe. Ilitengenezwa kupandisha maji kutoka shimo refu. Nasser alikuwa ameibana kwa robine, kwa hiyo inasukuma na maji hayapati njia. Nguvu inayobaki inageuka joto ndani ya tangi. Maji ya joto hayashiki hewa vizuri. Ndiyo maana samaki walikuwa wakipanda juu kuitafuta.

Nasser alikiri kwamba alikuwa karibu kuleta kubwa zaidi. Anita alicheka hadi akaegemea ukuta.

"Jirani, nikuulize," alisema alipotulia. "Mutu akija dukani anataka pompe ya bustani, unamuuliza nini?"

"Namuuliza anataka maji kiasi gani. Namuuliza yanapanda hadi wapi. Halafu ndiyo namupa pompe."

"Na baba yako ulimuuliza nini?"

Nasser alimtazama baba yake, kisha pipa lililo karibu na dari. Alikuwa hajamuuliza chochote.

Baada ya hapo hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Tangi lao ni la lita mia tatu. Anita alisema maji yote yapite kwenye kichujio kama mara tano kwa saa, yaani lita elfu moja na mia tano. Pipa lishushwe, likae juu kidogo tu ya tangi, maana kila maji yanapopanda, pampu inapoteza nguvu. Mpira uwe mpana na mfupi, usiwe na kona nyingi. Sponji ioshwe kila wiki, kwa maji ya tangi lenyewe. Na asidanganyike na namba ya lita iliyo kwenye boksi. Namba ile ni ya maji yasiyopanda popote, kwa hiyo achukue yenye lita kuzidi kidogo.

Nasser alipanda basi dogo la kwenda Kabezi siku ile ile. Nyumbani Taqwa alisimama kando ya tangi, akichota maji kwa jagi na kuyamimina tena ili samaki wapate hewa. Mzee alimwambia apumzike. Taqwa alisema hajachoka, kisha akaendelea kuchota.

Abasi alikuwa na pampu mbili. Zote zilikuwa za lita elfu mbili kwa saa. Moja ilikuwa nzito na ya bei nafuu. Nyingine ilitoshea kiganjani na ilikuwa ghali kidogo. Mkono wa Nasser ulikwenda wenyewe kwenye ile nzito. Kisha akakumbuka, akaigeuza, akasoma: wati sitini. Ile ndogo ilikuwa ya wati kumi na nane. Kazi ni ile ile, ulaji wa ile nzito ni zaidi ya mara tatu. Aliona kwamba ile ya bei nafuu angeilipia leo, halafu angeendelea kuilipia kwenye mita mwezi baada ya mwezi.

Hata hivyo alitaka kuhakikisha. Walisimamisha bidoni ya lita ishirini juu ya meza, pampu ndogo ikavuta maji kutoka kwenye beseni kubwa chini. Bidoni ilijaa kabla sekunde arobaini na tano hazijaisha, yaani zaidi ya lita elfu moja na mia tano kwa saa. Nasser akaridhika. Alimuuliza Abasi pia juu ya Bibi Harusi asiyekula. Abasi alitabasamu. Alisema samaki huyo si mgonjwa, amebeba mayai mdomoni, na watoto wataanguliwa humo humo. Anachotaka ni maji ya baridi kiasi na utulivu.

Jioni Nasser alishusha pipa, akafunga mpira mpana, akaacha waya uning'inie chini kabla ya kufika ukutani ili tone la maji lisitiririke hadi kwenye umeme. Akachomeka.

Sebule ilikuwa kimya.

"Kurant imekatika?" Mzee Hamdan aliuliza kutoka dirishani.

"Hapana, Baba. Pompe iko inafanya kazi."

Mzee hakuamini. Alijikongoja na fimbo yake hadi kwenye tangi. Maji yalikuwa yakishuka kutoka kwenye pipa kwa sauti ndogo, kama ya ziwa lililotulia likigusa mchanga. Mwani wa kijani juu ya mawe ulikuwa ukiyumba. Alivuta kiti, akaketi karibu na kioo kwa mara ya kwanza.

"Sasa naweza kukaa hapa," alisema. "Ile nyingine ilikuwa inaniziba masikio. Hata adhana sikuwa nikiisikia."

"Mbona hukusema, Baba?"

"Ulinipa kwa mapenzi. Ningeanzaje?"

Nasser alicheka, na macho yalimlowa kidogo.

Mwezi uliofuata uniti zilifika mwisho wa mwezi. Barafu ya Taqwa ilibaki ngumu, na wanawake wa soko wakarudi. Pampu kubwa ilirudi dukani, akainunua mkulima mwenye kisima kirefu, na huko ilifaa. Samaki waliacha kupanda juu kutafuta hewa.

Alasiri moja Mzee Hamdan aliwaita wote kwa sauti ya chini. Bibi Harusi alikuwa ametoka nyuma ya jiwe. Alifungua mdomo, na vitoto vikatoka kimoja kimoja, vidogo kama punje za mchele. Mzee alivihesabu, akapotea, akaanza upya. Taqwa alipiga magoti mbele ya kioo, mikono bado ina baridi ya frigo.

"Hawa wakikua, hii tangi haitawatosha," alisema.

"Nitaleta kubwa," Nasser alisema papo hapo. "Kubwa kabisa."

Mzee Hamdan hakuondoa macho kwenye kioo.

"Safari hii, mwanangu," alisema, "niulize kwanza."